Maji ya Kimya

Bi Hidaya wa Ujiji alikuwa hana haja ya kuonja maji ili ajue yameharibika. Aliinama tu juu ya tangi, akavuta pumzi moja kwa pua, akakwambia: haya ni ya juzi, haya yana kinyesi, humu kuna samaki amekufa na mmemficha. Na kweli, wasichana wa kazi wakipekua chini ya mawe walimkuta amelala ubavu, keshaanza kuota ukungu.

Kazi hiyo aliianza wakati mwanawe wa pekee, Ashraf, bado yuko mgongoni. Kando ya ziwa palikuwa na nyumba ya samaki wa mapambo. Wapiga mbizi waliwashusha hapo samaki wadogo wa miambani, wa njano, wa buluu, wenye mistari kama kanga mpya, wote wazima. Walikaa kwenye matangi ya saruji bila chakula mpaka matumbo yatakate, ndipo walipotiwa kwenye mifuko ya nailoni yenye hewa na kupelekwa kiwanja cha ndege, waende Ulaya wakatazamwe. Watu wa mjini walicheka sana. Samaki asiyeliwa! Hidaya hakucheka. Yeye alijua kwamba samaki akifungwa na tumbo lililojaa atajinyea njiani, na atakufa kwa choo chake mwenyewe kabla ndege haijatua.

"Msiniambie ugonjwa, ugonjwa," aliwagombeza wasichana. "Samaki anauawa na maji machafu. Wewe ukilala, yeye ananywa mavi. Haya, inuka, badilisha maji."

Agnesi, Muha wa Katubuka aliyefanya naye kazi, ndiye pekee aliyethubutu kumjibu. "Mama Ashraf, siku ukifa tutakuzika na ndoo."

"Na iwe imesuguliwa."

Maji yenyewe hayakuwa na shida. Yalivutwa kwa pampu kutoka ziwani, hatua chache tu kutoka pale, na samaki ni wa ziwa hilohilo. Katika miaka yote ile Hidaya hakuwahi kuona maji ya Tanganyika yakimdhuru samaki. Yalikuwa yakiingia tangini na waliozubaa wanazinduka, wanapanga mstari kupokea mkondo. Hilo aliliona kwa macho yake, wala hakusimuliwa, na jambo uliloliona kwa macho yako miaka nenda miaka rudi ni gumu kulitoa moyoni.

Mumewe, Hamdani, alikuwa mmoja wa wapiga mbizi. Mrefu, mwenye mabega, na mdomo usiotulia. Akirudi ziwani alisikika kutoka mbali akiwatania wanawake wa dagaa, na wao wakimrudishia makubwa zaidi. Alizama kwa mpira wa hewa uliounganishwa na kompresa ya kusukuma hewa mtumbwini, akakaa chini huko miambani na wavu wake mdogo, akiwafukuza samaki kwa kidole kama mtu anayeingiza vifaranga bandani.

Siku moja mpira ulijikunja chini ya mtumbwi, hewa ikakatika, naye akapanda juu kwa pupa kutoka kwenye kina kirefu. Alifika juu akicheka. Aliingia mtumbwini mwenyewe, akaomba maji ya kunywa. Kabla hawajagusa mchanga miguu ilikuwa haipo tena. Ipo, lakini ukiibana haijui. Hospitali walisema hewa imeganda mwilini, wakamtibu walivyoweza, kisha wakamrudisha nyumbani amebebwa kwenye shuka na wenzake. Wapo mtaani waliosema ni watu wa ziwa wamemshika. Hidaya aliwafukuza uani.

Baadaye nyumba ya samaki ilifungwa, kila mtu akaenda zake. Agnesi akaanza kuuza mihogo. Maji ya Katubuka yalipofurika na kuingia hadi vitandani, alihamia chumba cha kupanga Ujiji, ukuta kwa ukuta na Hidaya. Ashraf alikwenda Dar es Salaam. Hidaya alibaki na mumewe.

Ulimi wa Hamdani haukufa. Alinyamaza tu, taratibu, kama mtu anayefunga duka: leo dirisha hili, kesho lile, mwisho mlango. Kwanza aliacha matani. Kisha akaacha kuuliza habari za mjini. Mwisho hata ukimuuliza kama ana kiu, anakutazama. Halafu akaanza kukataa chakula.

Hapo ndipo Hidaya alipoogopa. Alimpikia samaki aina ya kuhe wa kukaanga, migebuka ya mchuzi, uji wa ulezi wenye ndimu. Alimlisha kwa kijiko kama mtoto aliyetoka kunyonya, na yeye alifunga mdomo, uji ukachuruzika kidevuni. Alikonda mpaka pete ikawa inamwanguka kidoleni. Feliksi, mpiga mbizi mwenzake wa zamani, alikuja siku moja na beseni la samaki wa miambani, akidhani atamfurahisha rafiki yake.

"Ona, kaka, wale wetu wa njano!"

Hamdani alichungulia beseni, akageukia ukutani, mabega yakaanza kutikisika. Feliksi alilibeba beseni lake akaondoka bila kunywa chai. Hidaya hakumlaumu. Feliksi angejuaje kwamba, machoni pa Hamdani, wale samaki ndio waliomchukulia miguu?

Ashraf alikuja Idi iliyofuata. Huko Dar alikuwa akisafisha matangi ya samaki kwenye nyumba za matajiri na mahoteli. Alishuka na tangi la kioo lililoviringishwa blanketi, na sanduku jeupe la kuhifadhi ubaridi, ila ndani hamkuwa na barafu. Mlikuwa na mifuko, na ndani ya kila mfuko samaki mmoja, mviringo, bapa, wa rangi ya machungwa yenye mistari ya buluu iliyopinda pinda.

"Wanaitwa diskasi," alisema. "Si wa ziwa letu. Asili yao mito ya Amerika Kusini. Nilisikia baba nyumbani anatazama ukuta tu, nikasema atazame hawa."

Hidaya alikuwa keshachukua ndoo. "Nikachote maji."

"Wapi?"

"Ziwani, wapi tena?"

"Hapana, mama. Hawa maji ya ziwa hawayawezi. Hata ya bomba, maana yanatoka hukohuko ziwani. Hawa maji yao ni ya mvua."

"Ashraf! Mimi nimelea samaki wewe unanikojolea mgongoni. Leo unifundishe maji?"

Kijana hakubishana. Alikwenda jikoni akaleta birika, akamwonyesha ndani. Chini na kwenye kuta palikuwa na utando mweupe mgumu, ule ambao kila birika la Ujiji linao. "Hili ni ziwa, mama. Kuna mawe humo ndani, yameyeyuka. Samaki wetu wamezaliwa nayo. Hawa maji yao ni mapole, hayana kitu, na yana uchachu kidogo, rangi kama chai ya mkandaa isiyo na maziwa. Ukiwabadilishia ghafla umewaua."

Hidaya alitazama birika, akalitoa mkononi mwake, akalirudisha jikoni. Simtanki la uani lilikuwa limejaa mvua ya masika, na Ashraf alilijaza tangi kwa hayo, akafunga hita, chujio na pampu ya hewa, akaliweka juu ya meza mbele ya kitanda cha baba yake. Kabla hajaondoka alirudia maagizo mara nyingi hadi mama akamwambia atapasua mdomo. Kila siku atoe maji kidogo kwa mpira wa kunyonya, afyonze uchafu wa chini, arudishe ya mvua yaliyopata joto. Awalishe moyo wa ng'ombe uliosagwa, kidogo, maana nyama ikibaki inaoza na kuharibu maji.

"Hilo la kuoza nalijua," alisema Hidaya.

"Najua unalijua, mama yangu. Nakukumbusha tu."

Asubuhi ya kwanza aliwatilia chakula. Samaki walijikusanya juu, wakafungua midomo midogo, wakameza. Hidaya akageuka kuchukua bakuli la uji, akamkuta mumewe amekodoa macho, mdomo wazi, anaufungua na kuufunga sawasawa na wao. Hakungoja. Alitia kijiko. Kikaingia. Akatia kingine. Uji ukaisha, naye bado anakwangua bakuli.

Hamdani akameza, akasema, kwa sauti iliyopasuka kama mlango wa siku nyingi, "Kama sahani."

"Nini, Baba Ashraf?"

"Hawa. Kama sahani."

Hidaya alitoka mbio mpaka kwa Agnesi, hajavaa viatu. "Amesema! Amesema sahani!"

"Anataka kula?"

"Ameshakula, mjinga wewe! Amekula!" Wakashikana pale uani wakilia na kucheka, na mihogo ya Agnesi ikaungua.

Kuanzia hapo mambo yakawa na utaratibu wake. Samaki wakila, Hamdani anakula. Wakichelewa kula, naye anangoja. Mwili ulirudi kidogo, pete ikakaa. Maneno hayakurudi mengi, moja asubuhi, moja jioni, lakini mikono ilipata kazi. Hidaya alikisogeza kitanda mpaka mkono wa mzee ukaweza kuingia tangini, na samaki, ambao Ashraf alisema ni waoga wa kila kivuli, walimzoea wakawa wanachukua nyama kwenye vidole vyake. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Hidaya alikuwa anasimama mlangoni na ufagio, hafagii, anatazama.

Kisha kiangazi kikaingia. Kigoma ikikauka imekauka; vumbi la njia ya Simbo linakaa juu ya migomba hadi majani yanakuwa mekundu. Simtanki lilianza kulia ukiligonga. Hidaya alihesabu moyoni mpaka mvua za vuli, akaona hayatafika. Akaanza kubana. Badala ya kubadilisha maji kila siku, akawa anaruka siku. Kisha anaruka mbili. Baadaye akawa anafyonza uchafu unaoonekana tu, na maji yale ayaache yatulie kwenye ndoo, ayarudishe yaleyale.

Na chakula nacho kilikuwa kinazidi. Hamdani alikuwa amepata raha ya kulisha, na kila akilisha alikula, na kila akila Hidaya alimsagia nyama nyingine. Vipande vilizama nyuma ya jiwe asipopafikia. Aliviona. Siku moja aliinama juu ya tangi kufunika, pua ikamwambia, dhahiri kabisa, kama ilivyomwambia miaka yote kule kwenye matangi ya saruji. Angekuwa msichana wa kazi ndiye aliyeliacha tangi hivyo, angemfukuza siku hiyohiyo.

Alifunika, akaenda kupika.

Angemnyima mzee lile vidole vyake vililolifurahia? Alijiambia mvua i karibu. Alijiambia mambo mengi.

Samaki walianza kugeuka weusi. Ile rangi ya machungwa ilizama kama kaa linalozimika, wakajibanza kwenye kona nyuma ya hita, vichwa chini, wakipumua kwa shavu moja. Nyama ikawapita mbele ya mdomo ikaenda zake chini. Na Hamdani akafunga mdomo wake.

Hidaya alimpigia Ashraf simu.

"Mama, maji umebadilisha lini?"

"Mvua hakuna."

"Nimeuliza lini."

Hidaya alilitazama tangi. Ashraf alivuta pumzi. "Sawa. Sikiliza. Usiwape chakula kabisa, hata chembe. Tafuta maji ya chemchemi. Kule vilimani Kidahwe kuna chemchemi ambayo maji yake hayaachi utando kwenye birika, nakumbuka tulikunywa tukienda Kasulu. Toa kidogo, tia kidogo, leo kidogo, kesho kidogo. Na ziwani usiende. Umenisikia? Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia, mimi si kiziwi."

Agnesi alikuwa na kaka yake, Selestini, mwenye pikapu ya kubeba mihogo kutoka Kidahwe. Alipoelezwa akafunga kitenge kiunoni. "Mbona jambo dogo? Kesho alfajiri naondoka na Selestini, adhuhuri nimerudi na madumu yako. Waambie hao mabwana sahani wavumilie."

Hidaya alirudi ndani amepata pumzi. Alimwambia mumewe yote: Ashraf amesema hivi, Agnesi ataleta maji kesho, na leo na kesho hakuna kuwalisha. Hamdani alimsikiliza hadi mwisho. Aliwatazama samaki wake kwenye kona. Kisha akafungua mdomo, na hakusema neno moja, alisema mengi.

"Wachotee maji ya kimya."

Ujiji kuna watu bado wanachota maji ya kimya. Mtu akizidiwa, mmoja wa nyumbani anakwenda ziwani kabla watu hawajayatibua maji, haongei na mtu, hasalimii wala haitiki salamu, anachota, anarudi, anamwogesha mgonjwa. Ukifungua mdomo njiani, yamwage, yamekuwa maji tu. Masheikh wengine wanakemea, wengine wananyamaza, na wazee wanaendelea.

"Baba Ashraf, mtoto amekataza ziwa. Kesho Agnesi..."

"Watakufa kabla hajarudi." Alipumzika, akakusanya pumzi. "Mimi nilikuwa nimekufa. Mdogo. Surua. Mama akanichotea. Nikaamka." Akamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi na maji ya tangi. "Ziwa halijaua samaki. Wewe unajua."

Na yeye alijua. Hilo ndilo lililokuwa baya. Angeambiwa na mtu mwingine angekumbuka birika. Lakini mtu huyu, ambaye ziwa limemvunja, bado analiamini; na kwa muda wote huo hakuwahi kumwomba kitu, si maji, si mto wa kulalia, si hata kugeuzwa ubavu. Hili lilikuwa ombi lake la kwanza. Hidaya alimfunika shuka. Alisema, "Nitachota."

Alitoka baada ya adhana ya alfajiri, ndoo kichwani na dumu mkononi. Siku hizi ziwa limesogea, limemeza pale wanawake walipokuwa wakianikia dagaa, kwa hiyo alizunguka nyuma ya kuta zilizobaki hadi penye mawe. Njiani alikutana na Mzee Bariki anatoka kutega nyavu.

"Habari za asubuhi, Bi Hidaya."

Alipita.

"Bi Hidaya! Kwema?" Mzee aliiona ndoo, akaelewa, akavua kofia. "Mungu amponye," alisema nyuma yake. Alidhani ni Hamdani. Hakuwa amekosea sana.

Maji yalikuwa meupe, yametulia, unaona kokoto chini kama zimewekwa kwenye kiganja. Alichota. Alirudi bila kumwaga hata tone.

Hakuyatia kidogo. Maji ya kimya hayagawanywi, mgonjwa anaogeshwa yote. Alifyonza yale ya zamani, yaliyokuwa na rangi ya chai, mpaka migongo ya samaki ikakaribia kutokeza, akamimina ndoo, kisha dumu. Aliyapasha joto kwanza, hilo alilikumbuka. Tangi likawa jeupe kama kioo kipya. Wote wawili walikaa wakitazama.

Samaki mmoja alitoka kwenye kona. Akatoka wa pili. Wakaanza kuogelea, haraka, kwenda na kurudi, mapezi yamesimama, na rangi ikawapanda.

"Unaona?" alisema Hamdani. "Unaona?" Alicheka! Hidaya alikuwa amesahau kwamba meno ya pembeni ya mumewe yamepandana. Alikimbilia uji, akamlisha, akala bakuli zima, akaomba jingine, na Hidaya alikuwa amesimama jikoni akilikoroga la pili aliposikia anaitwa kwa jina lake, "Hidaya", jina ambalo hajalitamka tangu wawe na mtoto.

Samaki walikuwa wanagonga vioo. Walipiga kichwa huku, wakapiga kule, mashavu yamefunuka, mekundu ndani. Ule ute wa ngozi ulikuwa unabanduka kama utando wa maziwa. Mmoja aliruka akagonga kifuniko. Hidaya alikamata mpira wa kunyonya, akauacha, akakamata ndoo, na ndoo ilikuwa tupu, na simtanki lilikuwa tupu. Hapakuwa na maji mengine ya kuwapa ila yaleyale.

Walilala ubavu mmoja baada ya mwingine. Bapa vile, walielea kama vyombo vilivyoachwa kwenye karai. Wa mwisho alijikokota mpaka mahali mkono wa Hamdani ulipozoea kuingia, akafungua mdomo na kuufunga, akafungua, akaacha.

Agnesi alifika adhuhuri, amebeba dumu, maji yanamchuruzika mgongoni, anasalimu kwa Kiha na kulalamika tangu barabarani. "Mwakeye jamani! Selestini ametutupa kwenye makorongo yote ya Kidahwe, kiuno changu..." Alisimama mlangoni. Aliona tangi. Alitua dumu chini polepole.

Ashraf alipopiga simu Hidaya aliipokea palepale, karibu na kitanda, akamweleza yaliyotokea.

"Yameingiaje maji ya ziwa, mama? Mimi si nilisema? Ule uchafu mle ndani ulikuwa umelala, mama. Kwenye maji machachu unalala, hauumi sana. Maji ya ziwa ndiyo yanayouamsha, unakuwa sumu, unawachoma mashavu. Ungeyaacha hata yale machafu wangefika adhuhuri! Nani alikwambia uende ziwani?"

Hidaya alimtazama mumewe. Hamdani alikuwa anasikia kila neno. Simu ya Hidaya ilikuwa na sauti kubwa kama redio. Hidaya alingoja. Mzee angeweza kunyoosha mkono akaomba simu. Angeweza hata kukohoa.

"Mimi," alisema Hidaya. "Nilijiamulia."

"Basi umewaua wewe."

"Ndiyo."

Mdomo wa Hamdani haukufunguka tena kwa chakula. Hidaya alijaribu kila alilolijua. Alimketisha nje aone watu. Alimwita sheikh akamsomea. Alipoishiwa alikaa mwenyewe pale penye meza, tangi limeondolewa, akala mbele yake, akifungua mdomo mkubwa na kutafuna kwa kelele kama anayemfundisha mtoto, machozi yanaingia kwenye ugali. Mzee alimtazama kwa upole tu. Pete ilianguka, ikaviringika chini ya kitanda, na hakuna aliyeitafuta.

Siku moja akashindwa. Alikuwa ameshika kijiko mpaka uji ukaganda. Alikitupa bakulini.

"Nimekubebea," alisema. "Mtoto ananiita muuaji nami nimenyamaza. Wewe ndiye uliyesema, Hamdani. Wewe. Na ulikuwa unasikia. Sema basi neno moja, hata pole. Halafu ule. Ule uishi, ili nikugombeze vizuri!"

Hamdani aliigeukia ile meza tupu. Kisha akasema, "Nilitaka niwaone wakila."

Akafumba macho. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyemaliza kulipa nauli anangoja kushuka. Alifariki kabla ya mvua za vuli, mwepesi kiasi kwamba waliombeba jeneza walitazamana.

Matangani watu walimsifu mjane. Walisema hakuna mwanamke Ujiji aliyemtunza mume namna ile. Ashraf, aliyekuja na basi na macho mekundu, alisikiliza sifa hizo zote. Siku ya kuondoka, uani, mbele ya Agnesi aliyekuwa akiosha masufuria, alisema bila kumtazama mama yake, "Alikuwa anakula. Wewe mwenyewe uliniambia anakula."

"Alikuwa anakula," alisema Hidaya.

"Ulinisikia kwenye simu, mama. Ukaenda. Kwa ujuaji tu."

Hidaya alimfungia kijana wake kifurushi cha dagaa wakavu, akamkabidhi. Ashraf alikichukua, akaaga, akaenda stendi. Siku hizi anapiga simu Ijumaa, anauliza afya, anasema mtandao mbaya, anakata.

Agnesi alingoja mpaka kijana alipopinda kona. Alikuwa na sufuria mkononi, povu linadondoka. "Ukuta wetu ni mwembamba, Mama Ashraf. Nilimsikia mzee akikutuma ziwani. Nikalala nikijua hutakwenda. Mwambie mtoto ukweli."

"Baba yake yuko kaburini. Nimfukue nimtie aibu?"

"Kwa hiyo utakufa na lawama isiyo yako?"

Hidaya aliinama akaliokota dumu la maji ya Kidahwe lililokuwa bado limesimama pembeni ya mlango, akalifungua, akayamimina kwenye karai la masufuria.

"Maji yalikuwa yamechafuka kabla," alisema. "Nilinusa, nikafunika. Na ndoo nilibeba mimi."

Agnesi aliitumbukiza sufuria kwenye karai. Walisuuza vyombo mpaka vikaisha.